Samaki wa Dhahabu wa Bi Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Birika limejaa.

Limejaa nini?

Limejaa maji, na maji yamejaa hadithi. Basi kaeni vizuri, na wewe uliyeegemea mlango uache kusinzia, maana hii sitaisimulia mara mbili.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakijibu, palikuwa na mwanamke aitwaye Bi Somoe. Aliishi na binti yake, Mashavu, katika nyumba ya mawe, na uani palikuwa na birika, tangi la mawe la kukingia maji ya mvua. Kila nyumba ya mji ule ilikuwa na birika, na kila birika lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Lakini samaki wa nyumba nyingine walikuwa wa kijivu tu. Wa Bi Somoe walikuwa wa dhahabu.

Samaki hao aliachiwa na marehemu mama yake. Enzi za mama, jamani, birika lile liliwaka. Ukiinama asubuhi kunawa uso, ulikuta jua limekutangulia kuingia majini. Kila bibi harusi wa mji alipelekwa kwa mumewe na bakuli la samaki wawili, dume na jike, kutoka nyumba ile. Somoe alikuwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kushika bakuli na kuambiwa asilitikise.

Na kila masika mama alizamisha fungu la makumbi ya nazi birikani, kisha akalitoa na kwenda nalo nyuma ya jiko, huku akiimba:

*Kumbi zama, kumbi zuka,*
*shika ulichoshikishwa,*
*baba na mama wabaki,*
*wana tutawatwika.*

Somoe alidhani mama anasugua birika. Hakuuliza. Mtoto ana mengi ya kucheza.

Mama akafa. Samaki wakapungua kwa uzee, mmoja mmoja, mpaka wakabaki wawili, dume na jike, na jike mwenyewe ameanza kuogelea ubavu ubavu. Bi Somoe akasema, "Masika haya asipopata watoto, ndiyo basi. Kitu cha mama kitakuwa kimefia mikononi mwangu." Chakula kikawa hakimshuki.

Masika yakaingia. Mvua ikanyesha birikani, na alfajiri dume akamkimbiza jike mpaka maji yakaruka. Jike akataga. Mayai madogo, maangavu, yamenata ukutani. Bi Somoe akaenda jikoni kuteleka chai kwa furaha. Aliporudi, mayai hayapo.

Akamwita Paka. "Paka, umekula mayai yangu."

"Mimi, bibi? Nilowe manyoya kwa kitu kidogo kama punje ya uwele? Niweke mlinzi, uone."

Jike akataga mara ya pili. Paka akakaa ukingoni, macho kodo. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka, na mayai yakaisha vilevile.

Ndipo akatua Kunguru ukutani, jirani asiyealikwa. Tena alikuwa na adabu siku hiyo, na Kunguru mwenye adabu mwogopeni.

"Shikamoo, Bi Somoe. Mwizi wako ni Konokono, huyo anayetambaa humo ndani. Mtoe, umweke pale juu ya jiwe."

Bi Somoe akamtoa Konokono, akamweka juu ya jiwe. Konokono alifungua kinywa ajitetee, lakini mnamjua, hana haraka. Alipopata neno la kwanza, Bi Somoe alikwisha kuondoka. Kunguru akashuka, akamdonoa, akamdonoa. Kumbe alimtaka kitoweo. Konokono akajifungia ndani ya gamba lake.

Jike akataga mara ya tatu. Mayai yakaisha.

Bi Somoe akakaa kando ya birika akafua nguo, machozi yanamtoka, na kwa mazoea tu akawa anaimba: *Kumbi zama, kumbi zuka...*

Konokono akachungulia kutoka gambani. "Bibi, nilikuwa humo ndani, niliona. Wanaokula mayai ni baba na mama wenyewe. Samaki hatofautishi yai lake na chakula chake."

"Muongo wewe. Mzazi hali wanawe."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Na dawa yake unaiimba hapo ulipo, ila huisikilizi."

Bi Somoe akaacha kufua. Akaimba tena, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. *Baba na mama wabaki, wana tutawatwika.* Akaiona mikono ya mama, inachuruzika maji, imebeba makumbi kwa uangalifu kama inavyobeba kichanga. Mama hakuwa akisugua birika. Mama alikuwa akiwahamisha watoto.

Akamrudisha Konokono majini, akamwomba radhi. Akaponda makumbi, akayazamisha. Jike, kwa nguvu zake za mwisho, akataga mara ya nne, mayai yakanata kwenye makumbi. Bi Somoe akayatoa, akayatia katika mtungi wa maji nyuma ya jiko.

Mayai yakaanguliwa. Vikatoka visamaki vyembamba kama nyuzi, vikala, vikakua. Lakini vilikuwa vya kijivu. Kijivu kitupu.

Kunguru akaja tena. "Pole, Bi Somoe. Hivyo ni visamaki vya mtaroni. Nipe nikakutupie."

Bi Somoe akavunjika moyo. Akaushika mtungi, akauinamisha.

"Ngoja," akasema Konokono.

"Nimengoja vya kutosha."

"Ngoja tena. Hata embe haliivi siku linapotunga."

Akauweka chini. Kunguru, kwa uroho, hakuweza kungoja. Akatumbukiza kichwa mtungini ajihudumie. Sasa, Mashavu alikuwa ameupaka mdomo wa mtungi chokaa mbichi kuzuia sisimizi. Shingo ikakwama. Mashavu akaja na mwiko, akamtandika mpaka akachomoka, shingo nyeupe pe. Nenda kamtazame leo, bado hajaitakasa.

Siku zikapita. Yule jike mzee akafa, dume akamfuata. Bi Somoe akawazika chini ya mkomamanga, birika likabaki tupu, na akaogopa hata kulitazama.

Asubuhi moja akaenda kuulisha mtungi. Samaki mmoja alikuwa na doa la dhahabu tumboni. Kesho yake, wawili. Mpaka mvua za vuli, mtungi mzima ulikuwa unawaka. Bi Somoe akalia sana, kwa sababu mtu aliyetaka kumwita aje aone hakuwepo.

Masika yaliyofuata alimwita Mashavu, akamkabidhi makumbi. Mashavu akaanza kuimba.

"Acha kwanza," Bi Somoe akasema. "Hujaniuliza kwa nini."

Basi wanangu, lililo ndani ya nyumba lichunguzeni kabla hamjamshika jirani. Na mkimwona mama akifanya jambo, muulizeni kwa nini, angali yupo wa kujibu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Maji safi yachoteni mwende nayo. Yenye taka niachieni birikani, nitayachuja mwenyewe.