Nyasi za Kumpokea Pulkeria

Jambo kubwa halizuki ghafla. Hutanguliza ishara, na mwenye kuziona mapema huanua mapema. Ndiyo maana wahenga wakatuachia neno kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Kule Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, Bi Adventina aliijua methali hii kwa mikono yake. Kahawa yake haikuwahi kulowa kwenye turubai. Wingu likichungulia tu nyuma ya kilima, yeye alikwisha kuanua, na majirani wakimwona nao walikimbilia ya kwao.

Lakini juma lile alikuwa hoi. Mumewe alishafariki, kahawa ilikuwa imeiva yote kwa pamoja, na mjukuu wake Atuhaire, mtoto wa miaka sita, alikuwa mikononi mwake. Juu ya hayo, Jumamosi angefika bintiye Pulkeria kutoka Nyabiyonza. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane, naye alitaka kujifungulia kwa mama yake. Adventina akakata nyasi mbichi, akazitandika sebuleni kama ilivyo desturi ya kumpokea mgeni wa heshima.

Jumatano Atuhaire alikataa ndizi, mwili ukamchemka. "Jua limempiga," Adventina akajiambia. Alhamisi vikatokea vipele vyekundu kifuani. "Ni hizi nyasi, amezilalia." Ijumaa vikaenea mgongoni na usoni.

"Bibi, vinaniwasha!"

"Usijikune, mama. Nitakupaka mafuta."

Jirani yake Benadeta alimshauri ampeleke mtoto zahanati.

"Niende kwa miguu ipi, Benadeta?" alijibu kwa sauti iliyokwisha. "Na kahawa aichume nani?"

Jumamosi mchana, jua likiwa kali, Adventina alitupa jicho kilimani, akaanza kukunja turubai.

"Mama Pulkeria, unaanua na jua lote hili?" Benadeta alicheka.

"Wewe cheka. Yako italowa."

Alipomaliza aliketi kizingitini, mgongo ukimuuma. Atuhaire akaja kumwegemea. Hapo mwangani, kwa mara ya kwanza, Adventina alimtazama mtoto sawasawa. Vipele vingine vilikuwa vimejaa maji kama umande, vingine vimekauka na kufanya vigaga, vingine ndiyo kwanza vinachipuka. Vilikuwemo hata kwenye nywele, hata ndani ya mdomo. Nyasi gani zinawasha mdomoni?

"Tetekuwanga," alinong'ona. Aibu ikamshika. Wingu la kilimani ameliona, na la nyumbani kwake amelala nalo siku nne!

Pulkeria hakuwahi kuugua tetekuwanga. Kaka zake walipougua, Adventina alimhamishia kwa shangazi yake kule Mabira. Na ugonjwa huu kwa mjamzito si wa kuchezea. Alipiga simu, haikupokelewa. Mara akasikia bodaboda ikipanda kilima.

Alikimbia kama hajawahi kuchoka, akasimama mbali kwenye mikahawa.

"Hapo hapo! Usishuke!"

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Atuhaire ana tetekuwanga. Usiingie. Nenda Mabira kwa shangazi yako, na kituo cha afya uwaeleze."

"Mama, niko njiani tangu alfajiri. Nimechoka!" Machozi yalimtoka. "Hata kunishika mkono?"

"Hata mimi nimechoka, mwanangu. Nenda."

Adventina aliiweka mikono nyuma ya mgongo, maana isingemtii. Pikipiki ikageuzwa. Pulkeria hakuangalia nyuma. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka.

Jumatatu alimbeba Atuhaire mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alimweleza kuwa homa na kukosa hamu ya kula hutangulia, kisha vipele, na kwamba mgonjwa huambukiza tangu kabla havijatokea hadi vyote vikauke. Adventina alikuwa ameziona dalili hizo zote, akazipa majina mengine.

Majuma matano yalipita. Atuhaire alipona, nyasi za sebuleni zikanyauka, zikatupwa migombani bila kukaliwa na mgeni. Ndipo simu ikalia kutoka Mabira, na kabla ya salamu akasikia kichanga kikilia kwa nguvu.

"Mama," alisema Pulkeria, "siku ile nilikuchukia."

"Najua, mwanangu. Anayeambiwa aanue jua likiwa bado kali hukasirika."

Akakaa kizingitini, akalia uchovu wake wote. Hakika, dalili ya mvua ni mawingu.