Seva Chumbani kwa Bi Sikudhani

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, sema hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Aliyelileta jambo hili naye aliapishwa hivyo hivyo, na tazama limefika wapi.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, katika halmashauri ya Kwamtamu palikuwa na karani wa masjala, jina lake Siwema. Miaka ishirini na miwili alitunza barua za serikali. Barua ikiingia, anaipiga muhuri. Barua ikitoka, anaiandika daftarini. Faili la siri analitia kufuli, ufunguo anauficha kifuani.

Akaja Mkurugenzi mpya, Bwana Semboja. Huyu hakutaka masjala wala kompyuta za ofisi. "Huko kuna macho mengi," alisema. Akanunua mtambo wake mwenyewe wa barua pepe, wenyewe wanauita seva, akaagiza uwekwe chumbani kwa mama mkwe wake, Bi Sikudhani. Chumba cha mkwe! Mwanamume gani mwenye adabu zake atatia mguu humo? Basi barua zote za serikali zikawa zinalala kando ya kitanda cha mama mkwe.

Siwema alijua kuna jambo, maana masjala ilibaki na buibui tu. Akamuuliza Mkurugenzi barua ziko wapi. Akajibiwa, "Bi Siwema, ziko kwa mama mkwe, ila hiyo ni siri yangu na wewe." Akanyamaza.

Wakati huo wezi wa mbao walikuwa wanaumaliza msitu. Mkurugenzi akamwandikia Kamanda wa polisi, kwa mtambo ule ule: msako Jumatatu. Askari wakaenda, wakakuta vumbi la msumeno. Akaandika: msako Jumatano. Vumbi la msumeno. Akaandika: Jumamosi. Vumbi la msumeno, na safari hii wameachiwa na maganda ya ndizi.

Kikao kikaitishwa. "Siri imevuja," akasema Mwenyekiti, "na mtunza siri hapa ni mmoja. Siwema, hadi Ijumaa utuambie ulimwambia nani. La sivyo kazi huna, na utajibu kwa hakimu."

Siwema akatoka kichwa kinamzunguka. Amwambie nani, nini? Barua zenyewe hakuziona hata moja! Au husema usingizini? Akamuuliza mumewe. "Wewe?" mume akacheka. "Wewe unakoroma tu."

Alhamisi akapita kwa Chiku, muuza vitumbua.

"Shoga, mnasaka tena Jumapili?"

"Jumapili? Nani kasema?"

"Si mji mzima unajua! Kwa Bi Sikudhani, kwenye feni."

"Feni gani?"

"Siwema wee, unaishi wapi?"

Ijumaa Siwema akakiongoza kikao kizima hadi kwa Bi Sikudhani. Mkurugenzi alipofika kizingitini akagota, adabu imemshika. Wenzake wakausukuma mlango wa chumba.

Baridi hiyo! Fundi Chande, aliyeufunga mtambo, alikuwa kaweka feni kubwa usipate joto. Chini ya feni wanawake wanane wanasuka ukili wa mikeka, mmoja wao mke wa mwenye lori la mbao. Mbele yao Bi Sikudhani, miwani puani, kidole kwenye kioo cha kompyuta, anasoma kwa sauti: "'Kwa Kamanda. Siri kubwa. Msako utakuwa Jumapili...' Eh, Jumapili si kuna harusi?" Akageuka. "Karibuni. Vueni viatu."

"Umekamatwa!" akasema Mwenyekiti.

"Kwa kusoma kilicho chumbani mwangu? Nani aliniapisha nitunze siri? Na neno la kulifungulia hili dude si hili hapa, limebandikwa kwa plasta?"

Fundi Chande, aliyekuwa kwenye kona na nyaya zake, akaruka. "Mimi nilibandika, ndiyo! Mwenye mtambo haingii, umeme ukikatika wa kuuwasha ni bibi, naye ananiambia neno halikumbuki. Ningefanyaje?"

Dirishani ikaja sauti ya Mkurugenzi, mgongo kaugeuza. "Shikamoo mama. Jamani, mimi niliuweka pale ambapo hata mwizi angeona haya kuingia. Na Siwema alijua! Mbona hakusema?"

"Uliniambia ni siri," akasema Siwema. "Kutunza siri ndiyo kazi yangu."

Feni inazunguka. Mwenyekiti kashika barua ya kwenda kwa hakimu, imekwisha pigwa muhuri, ila pale pa jina pako wazi. Akamtazama bibi. Akamtazama fundi. Akatazama dirishani. Akamtazama Siwema, kisha akaanza upya kwa bibi.

Basi jibu wewe, ila kwa sauti ya chini, umeapa: je, ni nani aliyestahili kuandikwa jina pale?