Kwa Nini Ngano Hupandwa Kinyumenyume Mlimani Ikumbwe

Ngano ya nyumba tisa za mlima Ikumbwe ilipandwa siku ya thelathini na tatu ya mvua isiyokatika, mwaka ambao juu ya mlima huo hapakuwa bado na bwawa. Mahali lilipo bwawa leo palikuwa shamba. Lilikuwa tambarare, lenye udongo mweusi, na lilitosha mbegu ya nyumba zote tisa.

Siku hizo watu wa Ikumbwe walipanda kwa miguu. Masika yakielekea ukingoni, mbegu ilimwagwa juu ya udongo uliolimwa, kisha watu wote wakajipanga bega kwa bega na kuikanyagia ndani ili tetere wasiione. Nyumba iliyoleta miguu mingi ndiyo iliyopewa pombe ya kwanza. Hakuna aliyejua njia nyingine, na miaka yote ambayo mvua ilipungua kwa wakati wake, njia hiyo haikuwaangusha.

Mbegu ilitunzwa na Sikitu. Alikuwa mfinyanzi, na vyungu tisa, kila nyumba na chake, vilikaa darini juu ya meko yake, vimezibwa kwa majivu na samadi. Mwaka ule moshi haukuweza kushindana na unyevu. Siku ya thelathini ya mvua alizibua chungu kimoja, akatia mkono. Ngano ilikuwa na joto na ilinata vidoleni. Alikiziba tena, asimwambie mtu. Mbegu ikiharibikia ndani ya vyungu vyake, nani angeilaumu mvua? Wangemlaumu yeye. Na hiyo ndiyo mbegu yote iliyokuwapo mlimani.

Basi siku tatu baadaye Mwalyego, mkuu wa shamba, alipowakusanya watu uani kwake, Sikitu alifika kabla ya wote.

"Tukingoja jua tutapanda lini?" Mwalyego aliuliza. "Baridi ikishuka hatuna hata jani moja chini, tutakula nini? Ukungu?"

"Tupande," Sikitu alisema.

Mama mkwe wake, Tusekile, alikuwa ameketi karibu na mlango. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekauka tangu ujana, naye hakuwahi kukanyagia mbegu hata mwaka mmoja. Alimtazama Sikitu.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeushika udongo kila siku. Umeuonaje?"

"Umelowa tu, mama."

"Umelowa tu," mama mkwe alirudia. "Haya. Nigawieni mbegu yangu kidogo, nikapande mwenyewe pale kwenye mteremko. Mwaka huu sitaki kukaa kutazama."

Hakuna aliyembishia mzee. Walimpa kibaba kimoja.

Watu sabini na wawili walishuka shambani asubuhi ile. Mvua ilikuwa nyembamba lakini haikuacha. Walimwaga mbegu, wakajipanga, wakaanza kwenda na kurudi huku wakiimba. Juu yao, mteremkoni, Tusekile alikuwa ameketi chini kabisa. Alirusha mbegu mbele yake, akaburuta tawi la msindusi juu yake kuifunika, akajisukuma nyuma kwa makalio hatua moja, akarusha tena. Alipanda mlima hivyo hivyo, kinyumenyume, matope hadi kiunoni.

"Bibi anafagia mlima!" mwanamke mmoja alipaza sauti, na mstari mzima ukacheka. "Bibi, ukimaliza huko uje unifagilie na kwangu!"

"Nitakuja," Tusekile alijibu bila kuinua kichwa. "Mwambie kwanza mumeo aezeke."

Walicheka zaidi. Sikitu hakucheka. Walikuwa katika mzunguko wa tatu, na chini ya unyayo wake palikuwa pametokea kitu alichokifahamu. Kila siku ya kazi alikanyaga udongo wa kufinyangia. Kwanza hunasa mguu na kupiga kelele, halafu hunyamaza, ukalainika na kung'aa. Hapo ndipo mfinyanzi huacha kukanyaga, kwa kuwa udongo uliofika hapo haupitishi maji wala hewa. Shamba lote lilikuwa limenyamaza. Alitazama kulia na kushoto. Watu waliimba. Alifikiria mbegu yenye joto ndani ya vyungu vyake. Akaendelea kukanyaga.

Mvua ilikatika siku ya arobaini na moja. Jua likafuata, siku tano kamili. Siku ya kumi na tatu tangu kupanda, nyumba zote tisa zilikwenda kutazama miche.

Hapakuwa na mche. Palikuwa na maji. Kutoka ukingo hadi ukingo yalitulia juu ya shamba, safi, yakionyesha mawingu. Jua la siku tano halikuwa limeyapunguza, na hayakuwa yamezama hata kidogo. Watu walisimama pembeni. Mwalyego aliingia ndani hadi magotini, akasimama katikati ya shamba lake, akatazama chini kama mtu aliyeangusha kitu.

Sikitu alichukua jembe. Alipiga mfereji kwenye ukingo wa chini, maji ya upande ule yakatoka, na ardhi ikaonekana ikiwa laini na yenye kung'aa. Nyayo zote zilikuwapo, kila kidole mahali pake. Alipiga jembe la pili, akang'oa. Kilichotoka hakikuwa bonge la udongo. Kilikuwa kipande kigumu, unene wa kiganja, kimevunjika kwa ukingo mkali kama kigae cha chungu. Alikigeuza. Ngano ilikuwa imepangana ndani yake, punje kwa punje, imevimba na kuwa nyeusi. Harufu ya uchachu ikawafikia hata waliosimama nyuma.

Mwanamke aliyemtania bibi alianza kucheka, kisha akashindwa kuacha, ikabidi wenzake wamshike.

Sikitu alikigeuza tena kile kigae. Upande wa juu palikuwa na unyayo. Kidole gumba kilielekea nje, kimepinda. Mlimani pale mtu mwenye kidole kama hicho alikuwa mmoja tu, aliyeangukiwa na jiwe la kusagia alipokuwa msichana. Ulikuwa wa kwake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?" Mwalyego aliuliza kutoka majini.

"Siku ile ile. Niliusikia chini ya mguu. Tulikuwa tunafinyanga."

Mwalyego aliketi palepale, maji yakamfika kifuani. Hakumtukana. Hakuna aliyemtukana, na kwa Sikitu hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Wote walikuwa wakiitazama miguu yao.

Tusekile alikuwa juu yao, kwenye kipande chake. "Njooni huku," aliita.

Juu mteremkoni palikuwa na mstari wa kijani, upana wa mikeka miwili, urefu wa hatua thelathini. Miche ilikuwa imefikia urefu wa kidole. Hakuna mguu uliokuwa umekanyaga pale.

Mstari ule ulilindwa kwa zamu tangu alfajiri hadi jua kuzama. Ulitoa chungu kimoja cha ngano, na hakuna aliyeila hata punje. Watu walikula mboga za mwituni, viazi vikuu na machipukizi ya mianzi. Nyumba mbili zilihamia bondeni kwa ndugu zao. Watu watatu hawakuuona mwisho wa baridi. Mmoja wao alikuwa Tusekile.

Mwaka uliofuata, kabla ya kupanda, Sikitu alishuka kwenye shamba jipya lililolimwa mteremkoni, akachota udongo, akajaribu kuufinyanga chungu kidogo mbele ya watu wote. Udongo ulimeguka mikononi. Ndipo alipochukua mbegu na tawi la msindusi, akaupa mlima mgongo, akapanda akirudi nyuma, mguu wake usikanyage mahali palipokwisha kupandwa. Mwalyego alikata tawi lake, akamfuata.

Na tangu siku hiyo ngano hupandwa kinyumenyume mlimani Ikumbwe, na hakuna mbegu inayoguswa kabla mfinyanzi hajaitwa. Shamba la kale halikunywa tena maji. Ndilo hilo bwawa lenye matete mnalolipita mkienda sokoni, na ndiko wafinyanzi wa Ikumbwe wanakochota udongo wao.

Msimu uliopita mfinyanzi aliitwa mara tatu. Mara mbili udongo wa shamba ulikubali kuwa chungu, watu wakarudi nyumbani. Mara ya tatu ulimeguka. Wakapanda.