Kengele ya Sheikh Ghalib na Jini wa Kidau

Katika mji wa Zahrani, enzi za Sultani Mundhir bin Fadhili, aliyekuwa na farasi wengi kuliko mahali pa kuwafuga, palikuwa na chuo kikubwa cha kuta nyeupe, na mkuu wake aliitwa Sheikh Ghalib, mtu wa elimu nyingi na kilemba kizito. Na chuo kile kilikuwa na desturi yake: mkuu alipotembelea darasa alitanguliwa na mtumishi mwenye fimbo ya kengele, na kengele ikisikika walimu walikaa wima na wanafunzi wakaficha mbao zao zilizokosewa, na sheikh akiuliza hali, wote walijibu kwa sauti moja, "Kheri, ya Sheikh." Naye akaenda zake radhi, na sisi tusimcheke upesi, maana ni nani asiyependa kuambiwa kheri?

Ikawa makadhi wachanga waliosoma chuoni mle walishindwa kugawa mirathi ya tajiri mmoja, na warithi wakashikana ndevu mbele ya Sultani. Sultani akaghadhibika, akaapa kwamba mwezi wa Shaabani ukiandama atakuja kuwajaribu wanafunzi mwenyewe, na akikuta ujinga atawatoa wote na kuwafungia farasi wake humo.

Sheikh Ghalib akaingiwa na hofu kubwa, na akazunguka madarasa yote akiuliza kasoro iko wapi, na kila mahali kengele ikamtangulia, na kila mahali akajibiwa kheri. Akarudi chumbani, akakivuta kidau cha wino cha shaba alichorithi kwa wakuu waliopita, ambacho hakikupata kufunguka, akakibandua kifuniko kwa hasira, na mara ukafuka moshi wa buluu, na jini akasimama kichwa kikigusa dari na ndevu zikidondosha wino juu ya zulia.

"Mimi ni Barkashi," akasema. "Nimefungwa humu nimtumikie mkuu wa chuo mpaka haja yake itimie. Sema."

"Nataka kujua wanayosema nisipokuwapo."

Jini akapuliza, na kasuku wa kijani akatokea, akatoka dirishani, na jioni akarudi akisema kwa sauti ya Mwalimu Salwa, mjane aliyefundisha hisabu: "Sheikh alikuwa mwalimu hodari alipokuwa akifundisha. Sasa amebaki kilemba na kengele. Hajui kuwa paa letu linavuja, wala kuwa tunawakaririsha wanafunzi mafungu ya mirathi bila wao kuyaelewa, kwa sababu akija hutaka kusikia sauti kubwa tu."

Hapa ndipo mimi humkasirikia sheikh yule. Alichokuwa akikitafuta kimewekwa mkononi mwake, naye akamfukuza Mwalimu Salwa siku ile ile, mbele ya wenzake wote. Na tangu hapo kasuku akawa akienda na kurudi na neno moja tu, kheri, maana walimu walikwisha kuelewa maneno yamepitia wapi, na mbele ya ndege yeyote, hata kunguru, walisema kheri.

Siku zikayoyoma, na sheikh akamwamuru jini azifungue ndimi za watu kwa nguvu. Barkashi akatikisa ndevu. "Vinywa naweza kuvifungua, ya Sheikh, lakini hofu sikuitia mimi na siwezi kuitoa. Nilikuletea neno moja la kweli. Ulilifanyia nini?"

Aibu ikamshika Sheikh Ghalib hadi machozi yakamtoka.

Asubuhi akaenda kwa miguu, bila kilemba wala kengele, akamkuta Mwalimu Salwa barazani akipepeta mchele, na majirani wakachungulia. "Ulisema kweli nami nikakuadhibu," akasema, na hakupunguza sauti. "Nimekosa. Nisamehe, urudi, uniambie na yaliyobaki."

Salwa akaweka ungo chini, akasema, "Nitarudi. Lakini wenzangu waliniona nikifukuzwa, basi na wakuone ukinisikiliza."

Basi sheikh akaketi mkekani darasani mwa Salwa, kati ya wanafunzi, na Salwa akamtaka agawe mirathi ya mtu aliyeacha mjane, mama na mabinti wawili. Na sheikh, ambaye hakushika ubao kwa miaka mingi, akampa mjane robo badala ya thumuni, fungu la nane. Mwanafunzi mmoja akajikaza akamsahihisha, na sheikh akawa wa kwanza kucheka, akamwomba amweleze sababu, na wengine nao wakaanza kutoa mbao walizozificha. Siku hiyo hiyo akaleta mafundi wa paa, na kengele akamvisha mbuzi wake. Na kila siku akawa akiketi darasa jingine na kuuliza nini kinawazuia, na aliyemjibu hakupata dhara, na walimu wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Mwezi ukaandama, na Sultani akaja na waziri wake, akauliza hali ya chuo. Kwa desturi hujibu mkubwa wa walimu, na huyo alikuwa Maalimu Mbaraka, ambaye miaka yote alisema kheri kabla ya wenzake na kwa sauti ya kuwashinda. Akafungua kinywa, akamtazama Sheikh Ghalib mkekani.

"Maulana, si kheri yote. Wadogo bado wanakosea, na mimi nilikuwa nikiwafundisha nisichokielewa. Sasa najifunza pamoja nao. Tujaribu."

Sultani akawajaribu, na wengi wakagawa na kueleza sababu, na waliokwama wakasema wamekwama wapi. Waziri akanong'ona kwamba farasi wanangoja nje. Sultani hakumsikiliza, akamuuliza sheikh ametumia uchawi gani.

"Nilimwadhibu wa kwanza kuniambia kweli, Maulana, kisha nikamwendea kumwomba radhi. Mengine yalikuja yenyewe."

Palepale jini akafunguka, kwa kuwa haja ya mkuu wa chuo imetimia, akaenda kwao kumwoa mchumba aliyemngoja karne nzima, na Sultani akakipa chuo mashamba ya wakfu, na Salwa akavikwa joho la heshima. Na mkubwa atakaye kuambiwa kweli, na amtunze kwanza aliyeileta.

Farasi wakarudishwa. Lakini Sultani hakuondoka. Akamgeukia waziri wake akamuuliza, "Na hali ya mji wangu?"

Waziri akasema, "Khe..." akanyamaza. Na Sultani Mundhir akavua viatu, akaketi mkekani, akangoja.