Mbuni Uliokatwa Kichwa

Hii nimeipata asubuhi nikashindwa kuikalia. Mpelekee mzazi yeyote anayeshika funguo zote za nyumba.

Mzee Elinami alikuwa na kihamba, shamba la ukoo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kila kitu aliamua yeye, kuanzia mbolea ya kununua mpaka mgomba wa kukata. Mwanawe wa pekee, Kaanaeli, mtu mzima mwenye mvi, hakuthubutu kushusha hata mkungu wa ndizi bila ruhusa.

Siku moja daktari akamwambia mzee moyo umechoka, aache kazi. Mzee akaingiwa na hofu. Akatangaza kwamba kihamba atampa mtoto wa kaka yake, maana Kaanaeli hajui kuamua jambo. Kaanaeli alisikia, akanyamaza kama kawaida yake.

Wiki hiyo bibi shamba, Siael, akaja kukagua kahawa. Mibuni ilikuwa mirefu, mitupu chini, na buni chache tu kileleni. Akaomba aikate vichwa. Mzee akakataa katakata. Mti ukikatwa kichwa si unakufa? Baada ya kubembelezwa sana akampa mmoja wa kujaribia.

Mvua zilipokolea, mzee alijikongoja kwenda kuutazama mti wake, akijua umeshakufa. Akaduwaa. Kwenye shina lile lililokuwa tupu miaka yote, machipukizi mabichi yalikuwa yametoka kila upande. Akayagusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa kichanga.

"Umeyatia dawa gani?" akamuuliza Siael, aliyekuja kuukagua.

Siael akasema hakutia kitu. Akamweleza kwamba ncha ya mti hutengeneza homoni, nayo hushuka kimyakimya ndani ya shina ikiyazuia machipukizi ya chini yasiamke. Ncha ikiondoka, katazo nalo linakwisha.

"Kwa hiyo yalikuwamo humu siku zote?"

"Yalikuwamo, baba. Yalikuwa yanatii tu."

Mzee akakaa chini palepale, akautazama ule mti mpaka machozi yakamtoka.

Aliporudi nyumbani alichuma jani la sale, lile ambalo Wachaga humpelekea mtu waliyemkosea kumwomba radhi, na likishaletwa halikataliwi. Mkewe alidhani analipeleka kwa jirani. Mzee akamkabidhi Kaanaeli, kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mibuni iliyobaki tuifanyeje?"

Kaanaeli akalishika jani, akatazama shamba, hakumtazama baba yake.

"Tuikate," akasema. "Tuanze na ile ya juu."

Funzo: Kabla hujasema mtoto wako hana kitu ndani yake, jiulize ni nani aliyemwamuru alale.