Mama Pimbi na Ncha ya Mti

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, wa nyuma wanasinzia!
Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na desturi moja: kwenye kazi, mkubwa hukaa mbele, mdogo hukaa nyuma. Nyuma ni kwa watoto. Mzee akionekana huko, ameaibika.

Basi siku moja mvua ikanyesha, jiwe likaporomoka mlimani, likaziba pango la Mama Pimbi, kamnyama kadogo kuliko sungura. Ndani walikuwamo wanawe watatu, na maji yalikuwa yanaingia. Mama Pimbi akasukuma mpaka kucha zikatoka damu. Jiwe kimya.

Akamwita Nyati. Nyati akasukuma, akasukuma, akasukuma. Jiwe kimya.

Akamwita Faru. Faru akasukuma, akasukuma, akasukuma. Jiwe kimya. Wakakaa pembeni wakihema, wakamwambia mama wa watu kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Mama Pimbi hakukubali. Wanawe alikuwa anawasikia. Akaburuta mti mrefu ulioletwa na mafuriko, akachomeka ncha moja chini ya jiwe. Akauegemeza mti juu ya kijiwe, karibu kabisa na lile jiwe kubwa, kisha akaning'inia kwenye ncha ya pili. Jiwe likatikisika, likatulia.

Wakubwa kuona vile, mbio! Wakaenda mbele, wakabanana pale penye kijiwe, maana ndiko kwenye heshima. Wakakandamiza mpaka macho yakawatoka. Jiwe kimya.

"Wazee wangu," akasema Mama Pimbi, "njooni huku nyuma."

"Huko kwa watoto?" akauliza Faru.

"Huku huku. Mimi ni kiganja cha nyama, na jiwe limenisikia. Ninyi ni milima, halikuwasikia. Tumepishana mahali tu."

Faru akanuna. Lakini Nyati alisikia kilio kimoja kikikatika mle pangoni. Akainamisha pembe zake, akatembea mpaka nyuma, akasimama nyuma hata ya Mama Pimbi. Akaweka kwato moja tu kwenye ncha ya mti.

Jiwe likainuka. Akatoka wa kwanza, akatoka wa pili, akatoka wa tatu anakohoa maji. Mama Pimbi akawakumbatia, akalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo watu wakajua: nguvu isiyojua mahali pa kushika ni jasho la bure. Asiyeamini, akirudi kwake ausukume mlango karibu na bawaba, kisha aje tumcheke.

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chachu, nitainywa mwenyewe.