Jiwe Nyuma ya Mtungi

Jipu haliji na usaha wake. Huanza kama mwasho mdogo, mtu akajikuna huku akicheka. Wahenga waliuona mzaha hivyo hivyo, na Ubaldo wa Mpanda hakuwaangusha.

Mwaka 1956 Ubaldo alifanya kazi katika maabara ya mgodi pamoja na Krispini, mume wa dada yake, mzaliwa wa Ikola, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Ushemeji una utani wake, na Ubaldo aliula wote, akaramba na sahani.

"Nyie watu wa Ikola," alikuwa akisema, "mkilala bila dagaa mnasahau hata majina yenu!"

"Na dada yako kaifuata harufu ya dagaa hao hao," Krispini alijibu.

Siku zile Krispini alikuwa akipima jiwe geni, jeusi linalometameta, lenye matabaka membamba kama kurasa za kitabu. Mkuu wao, Mzungu waliyempachika jina Bwana Kipimo, alishuku lina madini adimu. Kila adhuhuri Krispini alipitisha umeme ndani yake, na sindano ya mita ikaruka kama panzi.

"Kesho nitakuja kuona mwenyewe," Bwana Kipimo alisema. "Ikiwa ni kweli, utakwenda Dodoma kusomea kazi hii."

Kesho yake jiwe lilikuwa dirishani, likiota jua. Krispini alipotoka kunawa, Ubaldo akalichukua na kulificha nyuma ya mtungi wa maji, kwenye mchanga mbichi. Acha shemeji atafute kidogo, jasho limtoke!

Krispini alirudi, akapekua kila kona. Bwana Kipimo akaingia. Hapo ndipo Ubaldo, akijiziba mdomo kwa kicheko, alipolitoa jiwe na kulifuta. Nyaya zikaungwa. Sindano ikainuka nusu, ikalala.

"Vipimo vya wiki nzima ulivitoa wapi?" Bwana Kipimo alimuuliza Krispini.

Kicheko kikamkauka Ubaldo. "Ni mimi, Bwana. Nililificha pale penye baridi. Nilikuwa namtania shemeji."

"Kumbe humu kupima ni mchezo?"

"Bwana, subiri lipate joto," Krispini alisihi. "Nadhani likipoa, umeme ndani ya matabaka hujikusanya mafungu mafungu, kama mchanga wa ufukweni kwetu unavyojikunja mawimbi. Haupiti tena vizuri."

"Au shemeji yako ameligusa tena," Bwana Kipimo alijibu, akaondoka. Safari ya Dodoma ikafia pale pale.

Alasiri walilianika jiwe juani, sindano ikaruka. Wakalirudisha nyuma ya mtungi, ikalala. Juani tena, ikaruka.

"Shemeji, ulisema kweli!" Ubaldo alipiga kelele. "Twende tukamwite!"

"Aje aone nini? Mchezo wetu?"

Krispini alizifungua nyaya taratibu, akachukua kofia yake.

"Ukitoka ufunge mlango, Ubaldo," alisema.

Tangu Krispini amwoe dada yake Ubaldo, hakuwahi kumwita shemeji yake kwa jina. Ama kweli, mzaha mzaha hutumbuka usaha.